Bolti za konrodi

Bolti za konrodi ni bolti zinazofunga kofia ya konrodi kwenye konrodi yenyewe, ili vipande hivyo viwili vishike shingo ya krenkishafti ndani ya injini ya pistoni. Kwa kawaida kila konrodi ya injini ya gari huwa na bolti mbili. Hivyo injini ya silinda nne huwa na nane, na injini ya silinda nane huwa na kumi na sita.

Bolti hizi ni ndogo, lakini hubeba kani kubwa inayobadilika maelfu ya mara kila dakika. Injini ya gari la kale inapofunguliwa na kukarabatiwa upya, kazi ambayo mafundi huiita ovahoo, ni lazima kuamua mapema kama bolti za zamani zitarudishwa au zitabadilishwa. Bolti moja ikikatika injini ikiwa kwenye mwendo, konrodi inaweza kutoboa bloku na kuharibu vipuri vyote vipya vilivyokwisha kununuliwa.

Kubadilisha bolti za konrodi si kutoa ya zamani na kukaza mpya tu. Bolti hufanya kazi kwa kuvutwa na kurefuka kidogo kama springi, na katika injini nyingi ndiyo pia inayoiweka kofia mahali pake kamili. Kwa hiyo kazi hii ni ya kupima zaidi kuliko ya kutumia nguvu.

## Mahali pake katika injini

Konrodi ni mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenkishafti. Ncha yake ndogo hushikwa na pini ya pistoni, na ncha yake kubwa huzunguka shingo ya krenkishafti. Krenkishafti ya injini nyingi za magari hutengenezwa ikiwa kipande kimoja chenye vipinda, hivyo haiwezekani kuipitisha ndani ya tundu zima la konrodi. Kwa sababu hiyo ncha kubwa hukatwa sehemu mbili. Sehemu ya chini ndiyo kofia, ambayo katika gereji nyingi huitwa kepu.

Kati ya konrodi na shingo ya krenkishafti huwekwa beringi mbili za nusu duara. Beringi hizi hazitakiwi kugusa shingo moja kwa moja. Kati yao hupita utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu. Kwa kipimo cha jumla, shingo yenye kipenyo cha milimita 50 huhitaji nafasi ya oili ya karibu milimita 0.05. Nafasi hiyo ikiwa ndogo mno oili haipiti vizuri. Ikiwa kubwa mno oili humwagika pembeni, shinikizo hushuka, na konrodi huanza kugonga.

Nafasi hiyo ndogo hutegemea tundu la ncha kubwa kuwa la duara kamili. Tundu nalo hutegemea kofia kukaa mahali pake, na kofia hutegemea bolti.

## Kani zinazobebwa na bolti

Watu wengi hudhani kwamba kani kubwa zaidi juu ya bolti za konrodi hutokana na mlipuko wa mafuta ndani ya silinda. Sivyo. Mlipuko husukuma pistoni chini, na msukumo huo hupita kwenye mwili wa konrodi hadi nusu ya juu ya beringi. Bolti hazibebi mzigo huo.

Bolti huvutwa pistoni inapofika kikomo cha juu. Hapo pistoni iliyokuwa ikienda juu kwa kasi hulazimika kusimama na kurudi chini. Kwa sababu ya inesha, pistoni hutaka kuendelea juu, na kofia pamoja na bolti zake ndizo zinazoizuia. Katika injini ya mipigo minne hali huwa ngumu zaidi mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi, kwa kuwa wakati huo hakuna shinikizo la gesi juu ya pistoni la kusaidia kuirudisha.

Mfano mzuri ni injini ya MGB, gari la Uingereza lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980. Injini yake ya sentimita za ujazo 1798 ina mwendo wa pistoni wa milimita 88.9, na konrodi yake ina urefu wa milimita 165.1 kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lingine. Tuseme pistoni, ringi zake, pini na sehemu ya juu ya konrodi vina jumla ya kilogramu 0.8. Kani ya kuvuta pistoni inapofika kikomo cha juu itakuwa kama ifuatavyo:

| Mizunguko kwa dakika | Kani ya kuvuta (niutoni, takriban) |
|---|---|
| 1500 | 1,100 |
| 3000 | 4,500 |
| 4500 | 10,000 |
| 6000 | 17,800 |

Kani ya mstari wa mwisho ni sawa na kuning'iniza mzigo wa tani 1.8 kwenye bolti mbili. Jedwali linaonyesha pia kwamba mizunguko ikiongezeka mara mbili, kani huongezeka mara nne, kwa sababu kani hii hufuata mraba wa kasi. Ndiyo maana gari linaweza kuendeshwa polepole kwa miaka mingi likiwa na bolti dhaifu, kisha likavunjika siku moja tu dereva anapoingiza gia ya chini wakati gari bado lina kasi kubwa.

Katika mizunguko 6000 kwa dakika, kila konrodi hufika mwisho wa mpigo wa kutoa moshi mara 50 kila sekunde. Kwa saa moja hiyo ni mara 180,000.

## Namna bolti inavyofanya kazi

Bolti ya chuma ikikazwa huvutika na kurefuka kidogo. Ikiwa haikuvutwa kupita kiasi, hutaka kurudi kwenye urefu wake wa kwanza. Tabia hiyo huitwa unyumbufu. Kwa kutaka kurudi, bolti huibana kofia kwenye konrodi, na kani hiyo ya kubana huitwa kani ya awali, kwa kuwa ipo hata kabla injini haijawashwa.

Kwa mfano, bolti ambayo sehemu yake inayovutika ina urefu wa milimita 50 ikirefushwa kwa milimita 0.15, mkazo ndani ya chuma hufika takriban megapaskali 600. Bolti ya kipenyo cha inchi 3/8 yenye mkazo kama huo hubana kwa zaidi ya niutoni 30,000. Katika mfano wa MGB, mzigo wa kila bolti katika mizunguko 6000 ni karibu niutoni 8,900. Kani ya kubana ni kubwa kuliko mzigo mara tatu na zaidi, hivyo kofia haiwezi kuachana na konrodi.

Kani ya awali ina faida nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Kofia inapokuwa imebanwa sawasawa, mzigo wa pistoni kwa sehemu kubwa hupunguza tu mgandamizo kati ya kofia na konrodi. Bolti yenyewe huongezewa sehemu ndogo ya mzigo huo. Lakini ikiwa bolti ililegea, kofia huachana na konrodi kidogo katika kila mzunguko, na bolti hubeba mzigo wote peke yake. Kwa hiyo bolti iliyolegea ndiyo hukatika upesi kuliko iliyokazwa ipasavyo, kinyume na dhana kwamba bolti iliyokazwa sana imechoshwa.

Hata hivyo kukaza kuna kikomo. Bolti ikivutwa kupita kikomo cha unyumbufu wake, hubaki imerefuka hata baada ya kufunguliwa. Bolti za kawaida za magari ya kale zikifikia hali hiyo huhesabiwa kuwa zimeharibika.

## Uchovu wa metali

Metali inaweza kuvunjika kwa mzigo mdogo kuliko ule unaoweza kuivunja mara moja, endapo mzigo huo unarudiwa mara nyingi. Jambo hili huitwa uchovu wa metali. Katika karne ya 19 mhandisi Mjerumani August Wöhler alilichunguza kwa majaribio juu ya ekseli za mabehewa ya reli, na kazi yake ikawa msingi wa elimu hiyo.

Katika bolti ya konrodi ufa wa uchovu huanzia mahali ambapo mkazo hukusanyika: kwenye mizizi ya uzi wa bolti, chini ya kichwa chake, kwenye mkwaruzo au kwenye kishimo cha kutu. Ufa huo huwa mdogo mno kuonekana kwa macho. Hukua kidogo kidogo, kisha sehemu iliyobaki nzima inaposhindwa kubeba mzigo, bolti hukatika ghafla.

Kwa sababu hiyo bolti ya zamani inayong'aa baada ya kuoshwa si lazima iwe nzima. Katika gari la kale haijulikani kwa hakika injini iliwahi kufunguliwa mara ngapi, nani aliikaza, wala kama iliwahi kuzungushwa kupita kiasi.

## Aina za bolti

Kwa namna zinavyofungwa, bolti za konrodi ziko za aina kuu mbili:

* Bolti na nati. Bolti hupigwa kwa presi ndani ya konrodi na kubaki humo. Kofia huvishwa, kisha nati hukazwa upande wa chini. Mfano ni injini za V8 ndogo za Chevrolet, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1955.
* Bolti ya kuingia kwenye konrodi. Bolti hupita kwenye kofia na kujifunga kwenye uzi uliochongwa ndani ya konrodi. MGB za awali zilikuwa na bolti za namna hii, pamoja na vibati vya kukunjwa ili zisizunguke.

Injini nyingi za zamani zilitumia nati zenye mapengo na spliti pini. Kibati na spliti pini huzuia nati isifunguke yenyewe, lakini haviongezi kani ya kubana.

Uwezo wa chuma hutofautiana sana. Bolti za mfumo wa metriki huandikwa namba kichwani, kama 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 hutoa mkazo wa kuvunjika kwa megapaskali. Namba ya pili huonyesha ni sehemu gani ya mkazo huo bolti inaweza kubeba kabla ya kuharibika umbo. Hivyo 10.9 huvunjika kwenye megapaskali 1,000 na huanza kuharibika umbo kwenye 900. Hata hivyo bolti ya dukani yenye namba kubwa haifai kuwekwa kwenye konrodi. Bolti ya konrodi hutengenezwa kwa umbo maalumu: uzi wake hufinyangwa kwa kubanwa badala ya kukatwa, pembe chini ya kichwa huviringwa, na kiwiliwili chake mara nyingi hupunguzwa unene ili kivutike sawasawa.

Kwa magari mengi ya kale hupatikana pia bolti zilizoboreshwa, hasa za chuma chenye kromi na molibdeni. Kampuni ya ARP ya California, iliyoanzishwa mwaka 1968, inajulikana sana kwa bolti za aina hiyo.

Aina ya uzi nayo inahitaji uangalifu. Magari mengi ya Uingereza ya baada ya Vita Kuu ya Pili yana uzi wa inchi, wakati yale ya Ujerumani na Ufaransa yana uzi wa metriki. Kuna pia mchanganyiko usiotarajiwa: injini ya XPAG ya MG TC na MG TD ina uzi wa metriki, lakini vichwa vya bolti zake hutoshea spana za Whitworth za Uingereza. Fundi anayechagua bolti kwa kuangalia spana iliyotoshea anaweza kukosea kabisa.

## Wakati wa kubadilisha

Kitabu cha mtengenezaji wa gari ndicho kinachotangulia. Baadhi ya vitabu huamuru bolti mpya kila injini inapofunguliwa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa bolti zote zilizoundwa kukazwa hadi kupita kikomo cha unyumbufu, ambazo hutumika mara moja tu. Pale ambapo kitabu kinaruhusu kuzirudisha, bolti hubadilishwa ikiwa kuna mojawapo ya hali hizi:

* bolti imerefuka. ARP, kwa mfano, hutaka bolti yake ibadilishwe ikizidi urefu wake wa awali kwa inchi 0.001, yaani karibu milimita 0.025;
* nati haizunguki laini kwa vidole kwenye uzi wote;
* kuna mkwaruzo, kutu au alama ya kugongwa;
* kipimo cha chembe za sumaku kimeonyesha ufa;
* injini ilinoki, yaani beringi iliharibika na konrodi ikagonga, au ilizungushwa kupita kiwango;
* historia ya injini haijulikani, au gari litatumika katika mashindano.

Baadhi ya injini zinajulikana kwa udhaifu huu. Porsche 911 Carrera 3.2 ya miaka ya 1984 hadi 1989 ilipewa bolti za milimita 9 badala ya zile za milimita 10 zilizotumika katika injini ya 911 SC iliyotangulia. Wakarabati wa injini hizo huzibadilisha bila kusita kila wanapofungua injini.

## Utaratibu wa kubadilisha

Hatua hutofautiana kwa injini, lakini kwa jumla huwa kama ifuatavyo.

1. Kuweka alama. Kila konrodi na kofia yake huchongwa pamoja kiwandani, hivyo kofia ya konrodi moja haikai sawasawa kwenye nyingine. Kabla ya kufungua, namba za silinda na upande wa kofia hukaguliwa. Kama hazipo, alama huwekwa pembeni.
2. Kutoa konrodi. Katika injini zenye bolti na nati, uzi wa bolti huvishwa kipande cha mpira wa bomba ili usikwaruze shingo ya krenkishafti pistoni inaposukumwa nje.
3. Kukagua konrodi. Konrodi husafishwa na kukaguliwa nyufa, kupinda na msokoto. Bolti mpya haiwezi kuokoa konrodi yenye ufa.
4. Kutoa bolti za zamani. Bolti zilizopigwa hutolewa kwa presi, konrodi ikiwa imeegemezwa karibu na tundu la bolti. Kugonga kwa nyundo huku konrodi imebanwa kwenye jiliwa kunaweza kuipinda au kuacha alama ambayo baadaye itakuwa mwanzo wa ufa.
5. Kuingiza bolti mpya. Bolti huingizwa kwa presi hadi kichwa kikae chote kwenye kitako chake. Kichwa kikikaa upande, bolti hupindwa inapokazwa na hukatika mapema.
6. Kupima tundu. Kofia hufungwa bila beringi na kukazwa kwa kipimo kamili. Tundu hupimwa kwa geji ya ndani katika pande kadhaa: wima, mlalo na mshazari.
7. Kusawazisha tundu. Tundu likiwa si duara, konrodi hupelekwa kwenye karakana ya mashine. Nyuso ambapo kofia na konrodi hukutana hupunguzwa kidogo, kofia hukazwa kwa bolti mpya, na tundu husagwa kwa mawe hadi kipimo cha kiwandani.
8. Kupima uzito. Bolti zilizoboreshwa zinaweza kuwa na uzito tofauti na za zamani. Konrodi zote hupimwa kwenye mizani na kulinganishwa, ili injini isitetemeke.
9. Kuunganisha. Beringi huwekwa, nafasi ya oili hupimwa, bolti hukazwa, kisha krenkishafti huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kufunga sampo. Kichwa cha bolti nene kinaweza kugusa bloku au kamshafti, na ni heri kuligundua hilo kwa mkono kuliko kwa stata.

Hatua ya 6 na ya 7 ndizo zinazorukwa mara nyingi. Katika injini kama V8 ndogo za Chevrolet, kiwiliwili cha bolti ndicho kinachoelekeza kofia. Bolti mpya inaweza kuisogeza kofia kwa sehemu chache za mia za milimita. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, lakini nafasi yote ya oili ni sehemu tano tu za mia. Matokeo yake ni beringi mpya kuungua mapema, na mara nyingi lawama huangukia oili au beringi.

## Kukaza

Lengo la kukaza ni kupata kani ya awali iliyokusudiwa. Njia zinazotumika ni tatu.

Kwa toki. Hii ndiyo njia ya kawaida kwa magari ya kale. Toki renchi hupima nguvu ya msokoto, haipimi kani ya kubana. Kwa makadirio ya jumla, karibu nusu ya msokoto hutumika kushinda msuguano chini ya kichwa au nati, na karibu asilimia 40 kushinda msuguano kwenye uzi. Ni karibu asilimia 10 tu inayobaki kuivuta bolti. Kwa hiyo badiliko dogo la msuguano hubadilisha kani kwa kiasi kikubwa. Bolti ya inchi 3/8 ikikazwa kwa niutoni mita 60 ikiwa kavu inaweza kubana kwa takriban niutoni 31,500. Ikiwa imepakwa mafuta mazuri, msokoto uleule unaweza kufikisha 42,000. Ndiyo sababu watengenezaji hutaja kipimo pamoja na aina ya mafuta, na viwili hivyo havitenganishwi.

Kwa pembe. Bolti hukazwa kwanza kwa toki ndogo, kisha huzungushwa kwa digrii zilizotajwa. Msuguano hauna athari kubwa katika hatua ya pili. Njia hii imeenea katika injini za kisasa.

Kwa urefu. Bolti hupimwa kwa maikromita kabla ya kukazwa, kisha hukazwa hadi irefuke kwa kiasi kilichotajwa na mtengenezaji. Hii ndiyo sahihi kuliko zote, kwa kuwa hupima jambo lenyewe linalotakiwa. Inawezekana pale tu ambapo ncha zote mbili za bolti zinafikika.

Vipimo vya injini moja havihamishiwi nyingine. V8 ndogo ya Chevrolet yenye bolti za inchi 3/8 hukazwa kwa paundi-futi 45, sawa na niutoni mita 61. Ile ya awali yenye bolti za inchi 11/32 hukazwa kwa paundi-futi 35, sawa na niutoni mita 47. Volkswagen ya mgongo wa kobe huhitaji karibu niutoni mita 33 tu. Bolti zilizoboreshwa huja na maelekezo yake, na hayo ndiyo hufuatwa badala ya kitabu cha gari.

Kukaza hufanywa kwa awamu, bolti moja baada ya nyingine, kwa kuvuta renchi polepole bila kuishtua. Fundi mwangalifu huweka alama ya rangi kwenye kila bolti aliyoimaliza, kwa sababu bolti iliyosahaulika haionekani tofauti na nyingine.

## Bolti inapokatika

Kofia ikiachia, konrodi huendelea kurushwa na krenkishafti. Inaweza kutoboa ukuta wa bloku, kuvunja kamshafti na kupasua sampo. Oili ya moto ikimwagika kwenye bomba la moshi inaweza kushika moto, na ikifika kwenye matairi gari linaweza kuteleza. Hasara basi si ya injini peke yake.

Hata hivyo bolti iliyokatika si lazima iwe chanzo cha ajali hiyo. Sehemu iliyokatika hutoa ushahidi. Uso laini wenye mistari iliyopinda kama alama za mawimbi ufukweni, pamoja na eneo dogo la kukwaruza, huonyesha uchovu wa muda mrefu. Bolti iliyovutika na kuwa nyembamba shingoni kabla ya kukatika huonyesha mzigo mkubwa wa ghafla, kwa mfano beringi ilipokosa oili na kung'ang'ania krenkishafti. Katika hali hiyo kubadilisha bolti bila kutafuta sababu ya kukosekana kwa oili ni kurudia hasara.

## Afrika Mashariki

Magari yanayoitwa leo ya kale yana historia ndefu katika Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na Volkswagen ya mgongo wa kobe ilishinda mwaka huo. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Tangu 2003 kumekuwa pia na East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya kale yanayopita katika barabara za vumbi na mawe, ambako injini hufanya kazi nzito kwa siku nyingi.

Magari kama Peugeot 404 yana silinda za laina zinazotoka, hivyo ukarabati hufanywa kwa kununua laina na pistoni mpya na kuziweka kwenye bloku ileile. Injini hupata nguvu mpya juu, lakini ikiwa bolti za konrodi ni zilezile za zamani, nguvu hiyo inabebwa na chuma kilichochoka. Vilevile pale ambapo bolti mpya ni adimu, wapo wanaotumia zilizotolewa kwenye injini chakavu. Bolti ya namna hiyo haina historia inayojulikana, na kuipima urefu peke yake hakuonyeshi ufa ulioanza ndani ya uzi. Ni salama zaidi kusubiri bolti sahihi kutoka nje kuliko kufunga injini kwa haraka.

## Tazama pia

* Injini ya mwako wa ndani
* Pistoni
* Krenkishafti
* Uchovu wa metali
* Msuguano
* Unyumbufu